Mluzi wa altaneta kwenye muziki wa gari: kagua ethi kabla ya kununua filta

Injini ikiwa imezimwa, muziki ni safi. Ukiwasha, mluzi mwembamba unatoka kwenye twita (spika ndogo za sauti nyembamba). Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Kabla hata boneti haijafunguliwa, jibu limeshatolewa: "Hiyo ni altaneta, weka filta." Wauza vipuri wanalisema, madereva wanalisema, na hata mafundi wanaofunga muziki kila siku wanalisema, mpaka limekuwa kama kanuni. Si kanuni. Mara nyingi filta hiyo, yaani kichujio cha kelele cha kufungwa kwenye waya wa umeme, inafungwa mahali ambapo haina kazi yoyote, na mwenye gari anaondoka na mluzi uleule aliokuja nao.

Dhana: Mluzi unaingia kwa waya wa umeme, kwa hiyo filta kwenye waya mwekundu itauzuia

Kwamba sauti inaanzia kwenye altaneta (mtambo unaozungushwa na injini kuchaji betri), hilo ni kweli. Altaneta inazalisha umeme wa fezi tatu, dayodi zinaugeuza kuwa DC (umeme wa mkondo mmoja), na DC hiyo inabaki na mawimbi madogo juu yake. Altaneta nyingi zina ncha 12 za sumaku, na puli yake inazunguka kama mara mbili na nusu ya injini. Injini ikitulia kwenye mizunguko 800 kwa dakika, altaneta inazunguka 2,000, na mawimbi hayo yanafika 1,200 kwa sekunde. Injini ikifika 2,500, yanakuwa 3,750. Ndiyo maana mluzi unasikika kwenye twita na spika za milango lakini si kwenye sabufa (spika ya besi), kwa sababu krosova (kichujio cha masafa) ya sabufa imeshakata kila kilicho juu ya hezi 80 au 100. Anayesema "sabufa yangu haina mluzi, basi ethi yake iko sawa" hajapima chochote (ethi ni muunganiko wa hasi na bati la gari). Sabufa haiwezi kuutoa mluzi huo hata ethi yake ikiwa mbovu kabisa.

Lakini mahali sauti inapoanzia ni kitu kimoja, na njia inayopita ni kitu kingine. Amplifaya iliyotengenezwa vizuri ina koili na kapasita zake pale umeme unapoingilia, na sehemu kubwa ya mawimbi ya waya mwekundu inaishia hapo. Mara nyingi mluzi unapita kwenye waya wa RCA (unaopeleka muziki kutoka redio hadi amplifaya), hasa ule wavu wa nje unaozunguka kiini. Redio imechukua ethi nyuma ya dashibodi, amplifaya imechukua ethi kwenye buti. Kati ya sehemu hizo mbili kuna bati, bolti na rangi, na humo humo umeme wa taa, feni na pampu unarudi kwenye betri. Ethi hizo mbili zikitofautiana hata kidogo, tofauti hiyo inasukuma umeme kupitia wavu wa RCA, kwa sababu nao umeunganisha redio na amplifaya. Hicho ndicho kitanzi cha ethi. Amplifaya haina namna ya kujua kipi ni muziki na kipi ni uchafu, inakuza vyote.

Na uchafu wenyewe hauhitaji kuwa mwingi. Chukua amplifaya inayotoa volti 20 kwenye spika ya omu 4 (wati 100) ikipewa volti 2 kutoka kwenye redio. Ikipewa milivolti 2 za uchafu, inatoa milivolti 20. Kwa spika ya desibeli 90 kwa wati moja, hiyo ni takriban desibeli 50 umbali wa mita moja. Ndani ya gari lililosimama madirisha yakiwa yamefungwa, unausikia bila shida.

Sasa filta kwenye waya mwekundu itazuia nini hapo? Haipo kwenye njia. Mbaya zaidi, filta nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa ampea 10 hadi 20, halafu mtu anaifunga mbele ya amplifaya yenye fyuzi za ampea 60. Koili inachemka, volti zinashuka besi inapopiga, na muziki unapoteza nguvu huku mluzi upo palepale. Mahali pa filta hiyo ni kwenye waya wa umeme wa kifaa kinachokula ampea chache, kama redio au prosesa (kifaa cha kurekebisha sauti), na ni pale tu unapokuwa umethibitisha kwamba kelele inaingilia hapo.

Kuthibitisha hakuchukui zaidi ya nusu saa, na hii ndiyo sehemu inayorukwa kila mara. Washa injini, usicheze wimbo, shusha sauti ya redio hadi sifuri. Mluzi ukibaki kiasi kilekile ukiwa unapandisha na kushusha sauti, unaingia baada ya kidhibiti sauti: RCA, ethi au amplifaya. Ukipanda na kushuka pamoja na sauti, unaingia kabla yake: antena, AUX, USB au redio yenyewe.

Ukiwa baada ya kidhibiti sauti, zima mfumo wote kisha chomoa RCA kwenye amplifaya. Usichomoe ikiwa imewaka. Mahali pa RCA chomeka plagi za kuzibia: vichwa viwili vya RCA vya zamani ambavyo kiini kimeunganishwa na ganda kwa risasi. Kila fundi wa muziki anapaswa kuwa na jozi ya hizi mfukoni. Zinafaa kuliko kifaa chochote cha kuondoa kelele kilichopo dukani. Washa tena. Mluzi ukiendelea, kosa liko kwenye amplifaya, umeme wake au nyaya za spika zilizogusa bodi. Ukitoweka, amplifaya ni nzima na unatafuta mbele yake.

Zima tena, toa plagi, unganisha simu moja kwa moja kwenye amplifaya kwa waya wa AUX kwenda RCA. Simu itumie betri yake, isiwe inachajiwa. Kukiwa kimya, kosa liko kwenye redio, ethi yake, ethi ya amplifaya au RCA iliyo chini ya zulia. Sasa pitisha RCA nyingine juu ya viti kutoka redio hadi kwenye amplifaya. Mluzi ukikatika, RCA ya zamani imeharibika au imepita pabaya. Usipokatika, umebakiwa na redio na ethi mbili.

Ethi ya amplifaya ipime kwa volti, si kwa omu. Waya mmoja wa multimita kwenye tundu la hasi la amplifaya, wa pili kwenye hasi ya betri, kipimo kikiwa DC, muziki ukipiga kwa nguvu. Chini ya volti 0.1 ni nzuri. Ukiona 0.5, acha mengine yote urekebishe hapo kwanza. Kipimo cha omu hakikusaidii kwa sababu nyaya za multimita peke yake zina omu 0.2 au zaidi, wakati kosa unalolitafuta ni la omu 0.005: kwa ampea 40, hizo ni volti 0.2 nzima.

Kurekebisha: kwangua rangi kwa msasa mpaka bati ling'ae, eneo pana kuliko lagi (kichwa cha waya chenye tundu la bolti). Tumia bolti ya M8 yenye nati na washa ya meno, si skrubu ya bati. Waya wa ethi uwe na unene sawa na waya mwekundu, usizidi sentimita 45, na lagi ibanwe kwa koleo lake, si kupondwa kwa nyundo. Ukishakaza, paka grisi au rangi juu kuzuia kutu. Kisha fuata ethi nyingine mbili ambazo watu huzisahau: betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Altaneta imeshikwa na injini, kwa hiyo waya wa injini kwenda bodi ukiwa umeoza, kila kitu garini kinalipa.

Kuna kosa jingine linalofanana kabisa na ethi mbaya. Baadhi ya redio zina fyuzi ndogo sana ndani, kwenye njia ya ethi ya RCA. Mtu akichomeka RCA mfumo ukiwa umewaka, au ethi ya amplifaya ikilegea na umeme wake ukatafuta njia kupitia RCA, fyuzi hiyo inakatika. Kuanzia hapo mluzi ni mkali kwa spika zote, na hakuna ethi ya buti itakayouponya. Chomoa RCA zote kwenye amplifaya, kisha pima kati ya ganda la RCA nyuma ya redio na bodi ya redio. Panapaswa kuwa karibu na omu sifuri. Usipopata muunganiko, funga kipande cha waya kutoka ganda la RCA hadi bodi ya redio ujaribu tena. Mluzi ukikatika, umepata jibu. Dawa ya kudumu ni kubadilisha fyuzi hiyo ndani ya redio.

Je, altaneta haina hatia siku zote? Hapana, dayodi ikifa mawimbi yanakuwa makubwa kweli. Weka multimita kwenye AC (umeme unaobadilika mwelekeo), gusa ncha mbili za betri, injini kwenye mizunguko 2,000, taa na feni zikiwaka. Chini ya volti 0.1 ni kawaida, ikifika 0.5, peleka altaneta kwa fundi umeme. Multimita za bei ndogo hudanganya hapa kwa kuhesabu DC kama AC. Geuza nyaya: upande mmoja ukisoma sifuri na mwingine ukasoma 30, kipimo hicho hakifai kwa kazi hii. Na hapa ndipo filta inapoleta madhara hasa, maana hata ikipunguza sauti kidogo, dayodi mbovu inaendelea kuua betri taratibu bila mtu kujua.

Dhana: RCA imepita karibu na waya wa umeme, lazima zulia lote ling'olewe

Kutenganisha nyaya hizo ni desturi nzuri, na zikikutana zipishane kwa pembe mraba. Ila kitanzi cha ethi kinaleta mluzi mara nyingi zaidi kuliko ujirani wa nyaya. Jaribio la RCA juu ya viti linachukua dakika tano. Lifanye kwanza, ndipo uguse viti.

Dhana: Kapasita ya faradi 1 itasafisha kelele

Kapasita hiyo inashughulika na umeme, na mluzi uko kwenye ethi ya RCA. Hata kwa kazi inayouziwa, kushikilia volti besi inapopiga, kushuka kutoka volti 14.4 hadi 12 inatoa takriban juli 32, ambazo amplifaya inayokula wati 1,000 inazimaliza ndani ya sekunde 0.03. Ukiitaka, ichaji kwanza kupitia rizista, kamwe usiigusishe moja kwa moja kwenye betri.

Dhana: Geini ni kitufe cha kuongeza sauti

Hii inafuata filta kwa kuniudhi. Geini inalinganisha volti za redio na amplifaya. Ukiipeleka mwisho, unakuza uchafu wote wa njiani na vilele vya mawimbi ya muziki vinakatwa. Weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, ikwalaiza zote kwenye sifuri, chomoa spika, cheza toni ya hezi 1,000 (hezi 50 kwa sabufa), multimita kwenye AC katika tundu za spika. Pandisha geini hadi volti zifikie kipeuo cha pili cha wati mara omu: wati 50 kwa omu 4 ni volti 14.1, wati 100 ni volti 20. Simama hapo. Mluzi mdogo mara nyingi unazama wenyewe baada ya hatua hii.

Dhana: Bolti ya mkanda wa kiti ni ethi nzuri, iko imara

Iache. Bolti hiyo imekazwa kushikilia mwili wa mtu gari linapogonga, haikuwekwa kubeba lagi. Pia mara nyingi ina gundi ya kufungia nyuzi, inayozuia umeme.

Dhana: Redio imeharibika, maana mluzi unakuja nikitumia AUX

Chomoa chaja ya simu. Chaja na waya wa AUX vyote vinafika kwenye ethi ya gari kwa njia mbili tofauti, na simu iko katikati: kitanzi kilekile, kwa umbo dogo. Tumia Bluetooth, au weka isoleta ndogo kwenye waya wa AUX. Isoleta ni transfoma ya uwiano wa 1:1. Za bei ndogo zinapunguza besi ya chini, kwa hiyo usiifanye dawa ya RCA za amplifaya.

Dhana: Kila kelele ya injini ni altaneta

Sikiliza vizuri. Mlio wa tik-tik unaoongezeka kasi na injini ni moto wa plagi: kagua nyaya za plagi, na hakikisha plagi ni za aina yenye rizista. Mvumo usiobadilika hata ukikanyaga mafuta, unaoanza ufunguo ukiwashwa, ni pampu ya mafuta. Kelele ya AM peke yake ni ethi ya antena. FM ikiharibika taa zikiwashwa, tazama balbu za LED zilizobadilishwa au chaja ya kamera ya dashibodi.

Dhana: Toa waya wa betri injini ikiwaka uone kama altaneta ndiyo tatizo

Usifanye hivyo, na usimruhusu mtu aifanye kwenye gari lako. Betri ikitoka ghafla, volti za altaneta zinaruka juu sana kwa sehemu ya sekunde, na hizo zinatosha kuunguza redio, amplifaya au kompyuta ya injini. Ukitaka kuitenga altaneta kwa usalama, zima injini, chomoa soketi yake na waya wake mnene hasi ya betri ikiwa imetolewa, funika ncha ya waya huo kwa tepu, rudisha hasi, kisha washa injini kwa dakika moja tu kwa nguvu ya betri na usikilize.