“Hakuna pesa” na uongo mwingine tunaojiambia tunapopigania shule zetu

Julai 2025, Waziri wa Fedha wa Kenya John Mbadi aliiambia Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa kuwa serikali haiwezi tena kutoa Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma. Inachoweza ni kama Sh16,900. Kelele zikapigwa, na haikuchukua muda serikali ikajitokeza kusema kuwa elimu bila malipo haijafutwa. Walimu wakuu wala hawakushtuka, maana mgao pungufu na wa kuchelewa walishauzoea.

Piga hesabu kidogo. Tofauti ni Sh5,344 kwa kichwa. Shule ya kutwa yenye wanafunzi 400 inakosa Sh2,137,600 kwa mwaka. Hapo ndipo unapotoka mshahara wa mlinzi, wa mpishi, bili ya stima, na malipo ya wale walimu walioajiriwa na bodi kwa sababu wa serikali hawatoshi.

Kwenye mikutano ya wazazi hasira ipo tele. Kinachotukwamisha ni mambo tuliyoyashika kama kweli, nayo si kweli.

“Serikali ikisema haina pesa, mjadala umekwisha”

Hili ndilo linalotumaliza mapema kuliko yote. Ofisa anakohoa, anasema hazina imekauka, na ukumbi mzima unainamisha vichwa.

Katiba ya 2010 inasema vingine. Kifungu cha 43 kinaitaja elimu kuwa haki, na cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kisha kuna Kifungu cha 20(5), ambacho sijui kwa nini hakijabandikwa kwenye ukuta wa kila shule. Serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki zilizo katika Kifungu cha 43, ni juu ya serikali yenyewe kuonyesha kwamba rasilimali hizo hazipo. Mzigo wa ushahidi ni wake. Mzazi halazimiki kuja na daftari kuthibitisha kuwa pesa zipo.

Tuwe wakweli pia. Kifungu cha 214 kinaliweka deni la umma juu ya Hazina ya Jumla, yaani mfuko mkuu wa serikali, kwa hiyo wadai hulipwa kabla chaki haijanunuliwa. Bajeti imebanwa kweli, wala si yote iliyoibwa kama tunavyopenda kusema kwenye matatu. Lakini kubanwa ni jambo moja, na kuchagua nani abanwe ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo tunalopaswa kuuliza: kwa nini mgao wa mwanafunzi, na si safari, si ukarabati wa ofisi?

Wanaotaka kukimbilia kortini wasome hadi mwisho wa Kifungu hicho cha 20(5). Mahakama imekatazwa kuingilia uamuzi wa ugavi wa rasilimali kwa sababu tu yenyewe ingeamua tofauti. Jaji hatakuandikia bajeti.

“Tutakutana nao Juni, bajeti ikisomwa”

Juni maji yamekwisha kumwagika. Yule waziri unayemwona kwenye televisheni akiinua mkoba anasoma jambo lililopikwa tangu mwaka uliotangulia.

Kalenda iko katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, nayo haibadiliki kila mwaka. Kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Februari 15 serikali kuu huwasilisha taarifa ya sera ya bajeti, na Februari 28 kaunti huwasilisha waraka wake wa mkakati wa fedha. Hapa ndipo kila sekta inapowekewa kiwango cha juu cha pesa itakazopata. Baada ya hapo mnang'ang'ania makombo ndani ya sufuria ambayo ukubwa wake umeshaamuliwa. Aprili 30 makadirio hufika bungeni, na Kifungu cha 221 kinailazimisha kamati ya bunge kupokea maoni ya wananchi kabla ya kuyapitisha. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1.

Je, kati ya Aprili na Juni hakuna linalobadilika? Linabadilika. Makadirio ya 2025/26 yalifika bungeni bila hata senti ya ada za mitihani ya kitaifa, ambazo serikali imekuwa ikizilipia shule za umma kwa karibu miaka kumi. Vyama vya walimu, wazazi na wabunge wakapiga kelele, na bunge likarudisha Sh5.9 bilioni. Ila angalia tulichoshinda pale: tulirudishiwa kilichokuwa chetu. Anayetaka kuongezewa aanze mapema zaidi.

“Gavana ndiye wa kulaumiwa”

Inategemea unalia nini. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati, vituo vya afya na maktaba ni vya kaunti. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Nimeona ombi lililoandikwa vizuri sana, lenye saini kurasa tatu, likipelekewa mwakilishi wadi, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, kudai walimu wa sekondari. Alilipokea kwa tabasamu, akapigwa picha nalo, na likaishia hapo, kwa kuwa hakuwa na la kufanya nalo hata kama angetaka.

Na saini nyingi si sharti. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Mtu mmoja anatosha kisheria. Saini mia tano husaidia kisiasa, maana mbunge anajua kuhesabu kura.

“Badala ya kelele, tuchange wenyewe”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaosema hivi ndio watu wazuri zaidi kijijini.

Harambee imetujengea nchi. Baada ya uhuru, shule nyingi za sekondari zilisimama kwa mbuzi walionadiwa na mabati yaliyobebwa kichwani. Mzee aliyechangia darasa mwaka wa 1968 hapendi kusikia wajukuu wake wakidai wapewe. Namwelewa.

Lakini fuata pesa. Mgao unapungua, shule inashindwa kumlipa mwalimu wa bodi, wazazi wanaitwa, kila mmoja anatoa Sh1,500 zinazopewa jina la kupendeza, “motisha” au “maendeleo.” Mwalimu analipwa. Masomo yanaendelea. Kule Nairobi anayesoma ripoti anaona shule imepunguziwa pesa na haikufungwa hata siku moja. Hitimisho lake ni lipi? Kwamba pesa zile hazikuwa za lazima. Mchango wetu umelifunika pengo, na mwakani pengo hilo ndilo litakuwa kiwango cha kawaida.

Halafu kuna yule asiyeweza kuchanga. Mwanawe anatumwa nyumbani, anakaa wiki mbili, anarudi wenzake wamemaliza sura nzima ya hisabati. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinapiga marufuku karo ya masomo katika shule za umma, ndiyo maana michango hii haiitwi karo kamwe.

Simwambii mtu aache kuchanga, mtoto yuko darasani leo. Nasema kila shilingi iandikwe: imechangwa na nani, kufidia pengo lipi, la muhula gani. Karatasi hiyo ndiyo itakayokwenda na ninyi Februari. Sheria hiyohiyo inawapa wazazi viti sita katika bodi ya shule, kwa hiyo kuuliza hesabu si ukosefu wa adabu kwa mwalimu mkuu. Mara nyingi yeye mwenyewe anafurahi mtu mwingine akilisema ambalo yeye haruhusiwi kulisema.

“Kuandamana kunahitaji kibali”

Hakuhitaji. Kifungu cha 37 kinaruhusu kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act) inataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla. Unamjulisha, humwombi. Weka nakala yenye muhuri.

Barabarani mambo huwa tofauti na kwenye karatasi, na baada ya waandamanaji kuuawa Juni 2024 hakuna haja ya kumkumbusha mtu yeyote. Mama anayesema haendi ana sababu zake. Kazi ya kuandika barua na kunakili hesabu ipo, na ni nyingi.

“Ushirikishaji wa umma ni maigizo”

Mara nyingi ndiyo. Tangazo linatoka Jumatano, kikao ni Ijumaa saa tatu asubuhi, makabrasha ni ya Kiingereza na hayatoshi, chai na mandazi vinakolea kuliko majibu. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya BAT, kwamba ushirikishaji lazima uwe wa kweli na usiwe pazia tu. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ikaifuta Sheria ya Fedha ya 2023 kwa sababu, miongoni mwa nyingine, umma haukushirikishwa ipasavyo. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaurudisha uhai wa sheria hiyo. Kwa hiyo usiende kikaoni ukidhani una silaha isiyoshindwa.

Nenda hata hivyo, na maoni yako uyapeleke kwa maandishi, nakala mbili. Aliyezungumza tu hukumbukwa kwenye kumbukumbu za kikao kama “wakazi waliibua masuala kadhaa.” Aliyeandika anapigiwa muhuri wa tarehe. Kama hati za bajeti hamkupewa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lenu. Ukihesabu siku hizo kurudi nyuma kutoka Februari 28, barua hiyo inapaswa iwe imefika kufikia Februari 7; ikifika kabla ya Krismasi, mtabaki na muda wa kusoma na kuandika maoni.