Vikwazo vya biashara na madikteta: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Dhana inayosikika sana ni hii, eti ukiibana nchi kiuchumi wananchi watachoka na njaa wataingia barabarani wamtoe dikteta. Jamani hapana. Cuba imewekewa vikwazo kamili na Marekani tangu 1962, wakapita marais tisa kule Washington na Fidel Castro bado yupo, mpaka 2008 akamwachia mdogo wake Raúl.

Ila inayoniuma zaidi ni Iraki. Agosti 1990, Saddam alipoivamia Kuwait, Umoja wa Mataifa ukaifungia biashara karibu yote, na serikali yake ikaanza kugawa unga, mchele na sukari kwa kadi. Sasa wewe fikiria, chakula cha watoto wako kinatoka kwenye mkono wa huyohuyo unayeambiwa umpindue, utaanzia wapi? Walimu na mainjinia, watu ambao ndio wangeongoza mabadiliko, mishahara yao ikawa haina thamani wakauza mpaka fanicha za ndani, huku wakubwa wakipiga hela ya mafuta ya magendo. Saddam alitoka 2003, na aliyemtoa ni jeshi la kigeni.

Hapo mtu atauliza, mbona Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi vilifanya kazi? Vilisaidia kweli, siwezi kubisha, lakini wengi wanasahau kwamba weusi wa huko wenyewe ndio walioviomba, Albert Luthuli, kiongozi wa chama cha ukombozi cha ANC, alishaita mgomo wa bidhaa tangu 1959. Halafu ndani kulikuwa na migomo ya wafanyakazi na vitongoji vimewaka moto, na 1985 mabenki ya nje yakakataa kuongeza muda wa mikopo, hiyo iliwauma makaburu kwelikweli. Yani presha ya nje ilikuta watu wa ndani wameshajipanga.

Na msidhani vikwazo vinaziba kila tundu. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) chini ya Ian Smith na utawala wake wa wazungu wachache ilidumu toka 1965 mpaka 1979, mafuta yakipitia Afrika Kusini, na kuanzia 1971 Marekani yenyewe ilipitisha sheria ya kuendelea kununua kromu yao, madini ya kutengenezea chuma cha pua. Walianza kubanwa vizuri Msumbiji ilipopata uhuru 1975, mwaka uliofuata ikafunga mpaka, na wapiganaji wa msituni waliompinga Smith wakapata pa kuingilia.

Kuna pia wanaochanganya kuzuia akaunti za vigogo na kuifungia nchi nzima biashara. Ni vitu viwili tofauti kabisa, cha kwanza kinamlenga kigogo, cha pili kinamfikia mpaka mgonjwa anayesubiri dawa.