Je, Wajua? Spika Mbili Zinaweza Kukunyima Besi Ambayo Moja Ingekupa

Harusi ilikuwa uwanjani, upande wa Ahero, na benga ilikuwa imekolea. Nilikaa kama mita 8 mbele ya spika ya kushoto, mahali ambapo mtu angetarajia kutikiswa kifua. Gitaa la solo lilinifikia safi. Besi ndiyo iliyoadimika. Kisha waya wa spika ya kulia ukachomoka, spika ikanyamaza, na papo hapo besi ikanijia tele. Fundi alipochomeka waya tena, ikatoweka.

Yaani nusu ya mitambo ilipozimika ndipo nilipopata muziki kamili. Inawezekanaje?

Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Spika ikisonga mbele inaibana hewa. Ikirudi nyuma inaiacha ilegee. Mibano na milegeo hiyo husafiri ikifuatana, na kwenye joto la nyuzi 25, ambalo Kisumu ni jambo la kila siku, mwendo wake ni takriban mita 346 kwa sekunde. Noti ya besi inayotikisika mara 86 kwa sekunde, basi, huacha mita 4 hivi kati ya mbano mmoja na unaofuata. Huo ndio urefu wa wimbi lake.

Sasa turudi kwenye kiti changu. Spika zilikuwa zimeachana mita 6. Fundi mwashi anayepima kona kwa kamba ya 3-4-5 ameshaona jibu: ikiwa ya kushoto iko mita 8 mbele yangu na ya kulia iko mita 6 kando ya hiyo, basi kutoka ya kulia hadi kwangu ni mita 10. Sauti ya kulia inatembea mita 2 zaidi, nusu ya wimbi kamili. Mbano wa kushoto unapowasili sikioni, kutoka kulia unawasili mlegeo. Mmoja unasukuma, mwingine unavuta, na hewa inabaki palepale.

Hapo nimetia chumvi kidogo. Sauti hufifia kadiri inavyosafiri, kwa hiyo hata spika zikilingana, ile ya mita 10 inafika na msukumo wa nane kwa kumi tu wa mwenzake. Inafuta sehemu kubwa, inabaki moja ya tano hivi. Katika vigelegele vya harusi, hiyo moja ya tano utaitafuta kwa tochi.

Ninachokipenda zaidi ni hiki. Noti iliyo oktavu moja juu, ya mara 172 kwa sekunde, ina wimbi la mita 2. Tofauti ileile ya mita 2 sasa ni wimbi zima, mibano inafika pamoja, na noti inavuma. Kiti kimoja, wimbo mmoja: noti hii inazikwa, dada yake anabebwa mabegani. Solo nayo, mawimbi yake ni mafupi, na kila noti ina vituo vyake vya kufifia vilivyokaribiana. Hata masikio yako mawili hayapotezi kitu kilekile.

Je, nguvu ya ile besi ilienda wapi? Ilihamia kwingine. Kwenye mstari wa katikati, ambako spika zote ziko umbali sawa, misukumo inajumlika na kuwa maradufu. Ukikaa ufukweni Dunga mashua mbili zipishane, utaona jambo hilohilo: mawimbi yakikutana, kuna mahali maji yanaruka juu na mahali yanatulia kidogo, halafu kila wimbi linaendelea na safari yake kama halijakutana na mwenzake. Sebuleni huoni mambo haya wazi hivyo kwa sababu kuta na dari zinarudisha sauti na kuziba mashimo, ingawa pia hutoboa mengine.

Kuna wakati kosa si la kiti. Waya mwekundu na mweusi zikibadilishwa kwenye spika moja tu, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inakufia katikati kabisa, mbele ya maharusi. Nimeona mtu akinunua amplifaya kubwa zaidi kwa tatizo hilo. Fundi mjanja angegusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za kila spika na kutazama ile karatasi yake: moja ikichomoza na nyingine ikizama, ameshapata mchawi.

Ujanja huohuo wa kupinduapindua ndio unaotuliza kelele kwenye vile visikizi vya kwenye ndege. Maikrofoni ndogo inasikia mvumo, saketi inaugeuza, spika inautoa ukiwa kinyume. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya wazo hilo Marekani mwaka 1936.

Kule harusini nilisogeza kiti hatua chache kuelekea katikati, besi ikanipata. Nyanya mmoja akaja akakaa pale nilipotoka, akakunja leso yake mapajani, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "mbona unakimbia mahali patulivu?"