Kufilisika ukiishi Kirksville: yasemwayo na yaliyo kweli

Kirksville ni mji mdogo wa kaunti ya Adair, kaskazini mwa Missouri. Wakongo wengi wamehamia huko, na wengi wao huamka usiku kwenda kazini kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Milan, mji wa jirani. Madeni yao ni ya kawaida kwa Marekani: bili za hospitali, gari la mkopo wenye riba kali, kadi za benki. Mtu akibanwa huuliza habari za kufilisika, yaani kuiomba mahakama imfutie madeni au impangie kuyalipa, kwa sauti ya chini, na majibu anayopewa baada ya ibada au ndani ya gari la kwenda shifti mara nyingi hayana kichwa wala miguu.

"Faili za kufilisika ziko mahakama ya kaunti, pale katikati ya mji"

Haziko pale. Kufilisika Marekani ni jambo la serikali kuu, Katiba ndiyo iliyolipeleka huko, na mahakama ya kaunti haina mamlaka nalo. Ukiishi Adair, kesi yako hufunguliwa Mahakama ya Ufilisi ya Wilaya ya Mashariki ya Missouri, iliyo katika jengo la Thomas F. Eagleton mjini St. Louis, zaidi ya saa tatu kwa gari. Lakini ukiishi Milan kwenyewe, kaunti ya Sullivan, maili 30 hivi kutoka Kirksville, uko Wilaya ya Magharibi na mambo yako yanashughulikiwa Kansas City. Watu wawili wanaokata nyama meza moja wanaweza kuwa na mahakama mbili tofauti. Kinachoamua kwa kawaida ni mahali ulipoishi sehemu kubwa ya siku 180 kabla ya kufungua kesi. Kiwanda kilipo hakihusiki.

Anayetafuta kumbukumbu hahitaji kusafiri. Hufungua akaunti kwenye PACER, mfumo wa mahakama za serikali kuu, na kutafuta kwa jina nchi nzima. Kila ukurasa ni senti 10, hati moja haizidi dola 3, na ukitumia dola 30 au pungufu katika robo ya mwaka hutozwi kitu. Asiye na kompyuta apige simu ya bure 866-222-8029: mashine itamsomea namba ya kesi na hali yake. Akiwa St. Louis kwa shughuli nyingine, kompyuta za ofisi ya karani husomwa bure, hulipia kuchapisha tu. Mafaili ya zamani ya karatasi ni habari nyingine. Hayo huhamishiwa kwenye hifadhi za nyaraka za taifa, na kuyapata kunataka subira.

"Ukifungua kesi, mji mzima utajua"

Hofu hii ndiyo inayowaumiza watu zaidi, na ndiyo iliyokaa kichwa chini miguu juu.

Ni kweli kwamba kesi ya kufilisika ni kumbukumbu ya umma. Lakini anayetaka kuiona lazima aitafute kwa makusudi, kwa njia zile nilizozitaja. Namba yako ya Social Security huonyeshwa tarakimu nne za mwisho tu, akaunti za benki vivyo hivyo, na watoto wadogo huandikwa kwa herufi za mwanzo za majina. Wanaopelekewa barua ni wadai wako, si majirani.

Sasa linganisha na mdai anapokushitaki kwenye mahakama ya kaunti. Kesi hiyo inaonekana Case.net, mfumo wa mahakama za jimbo la Missouri, bila malipo: andika jina, bonyeza. Mdai akishinda, barua ya kukata mshahara huenda kwa mwajiri wako, na ofisi ya malipo inajua kabla hata ya mkeo. Anayekaa kimya ili asijulikane ndiye anayejulikana.

Na kuhusu huko kukatwa: kwa deni la kawaida, sheria huruhusu hadi asilimia 25 ya mshahara unaobaki baada ya kodi, lakini mkazi wa Missouri aliye kichwa cha familia hukatwa asilimia 10 tu. Wengi hukatwa ile kubwa kwa sababu hakuna aliyewaambia wajitambulishe kuwa wana familia. Ukifungua kesi ya kufilisika, zuio la kuwakataza wadai wasikusumbue huanza hapo hapo, na makato ya madeni ya kawaida yanapaswa kusimama. Mwajiri binafsi haruhusiwi kukufukuza kazi kwa sababu tu umefilisika.

"Ni ya wenye uraia, na itaharibu makaratasi yako"

Sheria inataka uwe na makazi, biashara au mali Marekani. Haiulizi uraia. Kufilisika peke yake si kosa la jinai, wala hakutajwi kama kizuizi cha uraia. Kinachoweza kukuharibia ni kusema uongo kwenye fomu: unatia saini kwa kiapo, na udanganyifu huo una kifungo cha hadi miaka 5.

"Kiwanja cha Bukavu hakiihusu mahakama"

Kinaihusu sana. Sheria inataja mali popote ilipo na kwa yeyote aliyeishikilia, hivyo kiwanja kilichoandikwa jina la kaka yako huku fedha ni zako kinaingia humo humo. Missouri ina orodha yake ya mali inayolindwa isichukuliwe kulipa madeni, nyumba, gari, vyombo vya ndani, kila kimoja na kikomo chake, na mkazi wa muda mrefu hawezi kuchagua orodha ya serikali kuu badala yake. Ndiyo maana mwenye shamba au nyumba nyumbani amwone wakili kabla ya kujaza chochote.

Fomu pia inauliza zawadi ulizotoa ndani ya miaka miwili, kama zimezidi dola 600 kwa mtu mmoja. Kwa wenzetu hapa ndipo penye kazi. Fedha za kila mwezi kwa mama, ada ya mdogo wako, mchango wa msiba: jumlisha kwa kila mtu, tafuta risiti za kutuma fedha, andika. Kutuma si kosa. Kutoandika ndilo kosa.

Halafu kuna likelemba, upatu kwa wa Tanzania. Kama bado hujala zamu yako, ulichokwisha kuchanga ni mali, kiandikwe. Kama umeshakula na bado unadaiwa michango, hilo ni deni, na wanaokudai ni wadai kama benki: waandikwe, na watapata barua ya mahakama. Najua uzito wa hilo. Watu hujaribu kulikwepa kwa kuwalipa wenzao kwanza, kisha kufungua kesi, bila kujua kwamba mfilisi, mtu anayeteuliwa kusimamia kesi yako, anaweza kudai malipo kama hayo yarudishwe, akiangalia siku 90 nyuma, na mwaka mzima kama uliyemlipa ni ndugu. Njia safi ipo: mwandike, kisha deni likishafutwa umlipe kwa hiari yako, polepole. Sheria haikatazi.

"Utasimama mbele ya jaji, kwa Kiingereza"

Wengi wa Chapta 7, aina ya kesi inayofuta madeni bila mpango wa kuyalipa, hawamwoni jaji kamwe. Kuna mkutano mmoja na mfilisi, wiki tatu hadi sita baada ya kufungua, na siku hizi hufanyika kwa Zoom. Unaonyesha kitambulisho na uthibitisho wa namba ya Social Security, unaapa, unaulizwa: ulizisoma fomu kabla ya kutia saini? Umeorodhesha mali yote? Kuna anayekudai ambaye hukumwandika? Mara nyingi ni dakika chache. Mkalimani hutolewa bure kwa simu, ila sema mapema kwamba unataka wa Kiswahili. Usimkalishe mtoto wako wa darasa la saba atafsiri madeni yako.

"Kuna ndugu anayejaza fomu, anajua yote"

Asiye wakili anaruhusiwa kuandika uliyomwambia, basi. Hana ruhusa ya kukushauri Chapta 7 au Chapta 13 (ile ya kulipa kwa mpango), wala mali gani uilinde, na lazima atie saini kwamba ni yeye aliyejaza. Akikataa kuandika jina lake, chukua karatasi zako uondoke. Fomu zenyewe ni za bure kwenye tovuti ya mahakama za serikali kuu.

"Haina faida kama huna fedha za ada"

Ada ya Chapta 7 ni dola 338. Unaweza kuomba kulipa kwa awamu nne, au kusamehewa kabisa kama kipato chako hakifiki asilimia 150 ya kiwango cha umaskini na awamu pia huziwezi. Chapta 13, ya mpango wa kulipa miaka mitatu hadi mitano, ni dola 313 na haina msamaha huo. Mikopo ya masomo, kodi za karibuni na matunzo ya watoto kwa kawaida hayafutwi, kwa hiyo kama hayo ndiyo yote unayodaiwa, fikiri mara mbili.

Kuna mafunzo mawili: ya ushauri kabla ya kufungua, ndani ya siku 180, na ya usimamizi wa fedha baadaye. Yote hufanyika kwa simu au intaneti. La pili ndilo husahaulika, kwa sababu simu za wadai zimeshanyamaza na mtu anaona mambo yamekwisha. Bila cheti chake kesi hufungwa pasipo madeni kufutwa, na kuifungua tena kunatozwa ada nyingine.