Kisipotee Kitu Chochote: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Akiba ya Mkristo

Huu ni mwaka wangu wa sita kuwa mhazini wa jumuiya yetu hapa Dar es Salaam. Daftari la mhazini linaonyesha aliyetoa na aliyeahidi akashindwa. Ukilikalia kwa muda, linakuonyesha pia jinsi waumini wazuri, wanaosali na kufunga, wanavyoishiwa tarehe 12 na kuanza kukopa nauli. Mara nyingi chanzo si ulevi wala uvivu. Ni maneno tuliyoyapokea kuhusu fedha na imani bila kuyapima. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

Dhana: Kuweka akiba ni kukosa imani

Dhana hii huja na andiko mkononi: "Basi msisumbukie ya kesho." Anayelitumia kukataa akiba ameliruka neno lenyewe. Yesu amekataza kusumbuka, ule wasiwasi wa kugeuka kitandani usiku wa manane ukihesabu ada ya mtoto. Nikiwatazama wanaokosa usingizi hivyo, wengi ni wale wasio na hata elfu kumi ya dharura.

Katika Mwanzo 41 Mungu mwenyewe amekwisha kumwonyesha Farao kwamba njaa inakuja. Kama imani ingekuwa kukaa na kungoja, hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Yusufu akashauri sehemu ya tano ya mavuno itengwe kila mwaka, kwa miaka 7 ya shibe. Mithali inamtuma mvivu kwa chungu, ajifunze kuweka chakula wakati wa jua.

Lakini andiko ninalolipenda zaidi ni la Paulo kwa Wakorintho, 1 Wakorintho 16:2, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba neno akiba limo mle: siku ya kwanza ya juma, "kila mtu kwenu na aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake." Akiba ile ilikuwa ya kuwasaidia watakatifu wa Yerusalemu waliokuwa na shida. Paulo alitaka itengwe kidogo kidogo kila wiki, ili atakapofika pasiwe na kukimbizana na michango. Huyu ni mtume anapanga bajeti ya huruma.

Ni kweli yuko yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, na Mungu akamwita mpumbavu. Isome tena hotuba aliyojihutubia. Ni ghala zangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Hakuna mke, hakuna jirani, hakuna mjane. Ghala lilikuwa na mlango wa kuingizia tu.

Dhana: Kipato changu ni kidogo, sina cha kubana

Hapa nitakaa kidogo, maana hili linaumiza.

Ukweli mchungu ni kwamba mwenye kipato kidogo hununua vitu kwa bei ya juu kuliko mwenye nacho, kwa sababu hununua kidogo kidogo. Nilipoandika bei za duka la mtaani kwetu, mafuta ya kula ya kupima yalikuwa 1,700 kwa robo lita. Hiyo ni 6,800 kwa lita. Dumu la lita 20 lilikuwa 108,000, sawa na 5,400 kwa lita. Familia inayotumia lita 5 kwa mwezi inalipa 34,000 ikipima, na ingelipa 27,000 kama ingenunua kwa dumu. Tofauti ni 7,000 kwa mwezi, 84,000 kwa mwaka. Kwetu hiyo ni sare, viatu na madaftari ya mtoto. Na hayo ni mafuta tu. Sukari ya robo, sabuni ya kipande, mkaa wa kopo, vyote vina hesabu ya namna hiyo.

Mama mmoja wa jumuiya yetu nilipomwonyesha hesabu hiyo alinijibu, "Mama mhazini, hesabu yako nimeielewa, lakini hiyo laki na nane naitoa wapi kwa mkupuo?" Alikuwa na haki. Ushauri wa kununua kwa jumla bila kusema fedha itatoka wapi ni kumdhihaki maskini. Jibu lilipatikana kwake mwenyewe na majirani zake watatu. Kila mmoja alitenga elfu moja kwa siku kwenye kibubu, siku 27, wakanunua dumu moja na kuligawana kwa lita tano tano. Tangu hapo hawajarudi kwenye kupima.

Watu hudhani neno "Kusanyeni vipande vilivyobaki, kisipotee kitu chochote" katika Yohana 6 lilisemwa mahali pa uhaba. Lilisemwa baada ya watu kushiba, na msemaji alikuwa yule aliyetoka kulisha wanaume wapata elfu tano kwa mikate mitano. Aliyeweza kuizidisha mikate hakutaka vipande vyake vibaki nyasini. Ilikuwa mikate ya shayiri, nafaka ya watu wa chini, na vikajaa vikapu kumi na viwili.

Kwa hiyo jikoni kwangu naanza na vipande. Maharage naloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji na kubandika; yanaiva mapema na mkaa unabaki. Sufuria inafunikwa. Ugali uliobaki ni kiporo cha asubuhi na chai. Taa nayo ina hesabu yake: balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku inakula uniti 9 za umeme kwa mwezi, wakati ya LED ya wati 9 kwa saa zilezile inakula uniti moja na theluthi hivi. Pasi ya wati 1,000 inakula uniti nzima kwa saa moja ikiwa imepamba moto, ndiyo maana tunapiga pasi nguo zote Jumamosi badala ya kuiwasha kila alfajiri kwa shati moja. Bomba linalovuja tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita nne kwa siku. Ndoo ya lita 20 huwa imekwenda na maji kabla ya wiki kwisha, na dawa yake huwa ni mpira mdogo wa koki.

Dhana: Kubana matumizi ni kununua cha bei ya chini, na kula chochote kisitupwe

Viatu vya shule vya 12,000 vinavyochanika kila muhula ni ghali kuliko vya 25,000 vinavyomaliza mwaka na kumwachia mdogo wake. Hilo kila mzazi analijua, nalipita.

Lisilojulikana vya kutosha ni la mahindi. Nimeona mtu anapepeta mahindi yaliyoota ukungu, anayaosha, anayaanika na kuyapeleka mashineni, akisema kutupa chakula ni dhambi. Ukungu fulani huzalisha sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika kwa kawaida. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Mwaka 2016 janga kama hilo lilitokea kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kutunza chakula kunaanza kabla hakijaharibika: mahindi yakauke sawasawa, yasikae chini sakafuni, na kwa anayeweza, yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ambayo wengi wanaiita mifuko ya kinga njaa. Ikifungwa vizuri wadudu hukosa hewa wakafa bila dawa. Yakishaota ukungu, usimlishe mtu, na kuku pia usiwape. Mwili wa mwanao nao umekabidhiwa mikononi mwako.

Dhana: Nikimpunja mtu bei, nimeokoa

Hili nalisema kwa uchungu. Tuna ndugu wanaojisifu kwa kubana matumizi, na ukichunguza, waliobanwa ni wengine. Dada wa kazi amekaa miezi miwili bila mshahara "kwa sababu mambo yamebana," na king'amuzi kimelipiwa. Mama wa mchicha amekaa juani tangu saa kumi na mbili, anabishaniwa fungu la mia tano lishuke liwe mia tatu, na anayebishana anatoka hapo kwenda kununua soda bila kuuliza bei.

Mithali 20:14 imempiga picha mnunuzi huyo: "Haifai kitu, haifai kitu, asema anunuaye; lakini akiisha kwenda zake hujisifu." Na Yakobo anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Kuuliza bei na kulinganisha maduka ni busara, na kupatana bei sokoni ni desturi yetu tangu zamani. Ila wakili, yaani msimamizi wa mali, haokoi mali ya Bwana wake kwa kumwibia mtumishi mwingine wa Bwana yuleyule. Kabla ya kuandika kwenye daftari langu kwamba nimeokoa, nimejizoeza kuuliza: imetoka mfukoni mwa nani?

Dhana: Vikoba ni mambo ya dunia, kanisani tuombe tu

Wapo wanaoona aibu kikundi cha kuweka na kukopa kikikutana chini ya mwembe wa kanisa. Lakini vyama vya akiba na mikopo, mababu wa SACCOS zetu, vina mzizi mmoja mkubwa katika imani ya Kikristo. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa meya wa vijiji vya Ujerumani katika baridi ya njaa ya mwaka 1846 kuelekea 1847. Alihimiza wenye nacho wachange, unga ukapatikana, mkate ukaokwa na maskini wakaupata kwa mkopo. Baadaye aliona kwamba msaada wa matajiri peke yake haudumu, na mwaka 1864 kikaanzishwa huko Heddesdorf chama ambamo wakulima wenyewe waliweka na kukopeshana. Alifanya hayo akiamini ni wajibu wake mbele za Mungu.

Anayekataa kikoba mara nyingi anaishia kwa kausha damu, mkopeshaji wa riba kubwa. Chukua mkopo wa laki moja unaorudishwa laki na thelathini baada ya mwezi. Ukishindwa kulipa mtaji ukawa unatoa riba tu, baada ya miezi kumi umeshatoa laki tatu, na ile laki moja bado unadaiwa. Nimewaona akina mama wakiacha kuja ibadani kwa kumkwepa mdai anayekaa benchi la tatu.

Kikundi kiwe na katiba, daftari lisomwe hadharani, kisanduku kiwe na funguo zaidi ya moja kwa watu tofauti, na kisajiliwe kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka. Kumwamini mpendwa hakuondoi haja ya kuhesabu mbele yake.

Dhana: Kopa utoe sadaka, Mungu atalipa deni

Baada ya ibada huwa tuna mnada. Kuku, mkungu wa ndizi, yai moja. Ni wakati wa furaha na naupenda. Lakini mimi ndiye ninayebaki na orodha ya walioahidi "nitalipa wiki ijayo," na humo namwona baba aliyenunua yai kwa elfu kumi wakati kodi ya chumba anadaiwa miezi mitatu.

Paulo aliandika katika 2 Wakorintho 8:12 kwamba nia ikiwapo, toleo hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, "si kwa kadiri ya asivyo navyo." Yesu mwenyewe aliwakemea waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio kwamba mali ni Korbani, imewekwa wakfu. Na yule mjane wa 2 Wafalme 4, mafuta yalipojaa vyombo vyote, Elisha alimpa maagizo kwa mpangilio: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa yaliyosalia. Matumizi ya muujiza ule yalianza kwa kulipa mdai.

Sisemi watu wapunguze kumtolea Mungu. Nasema sadaka itengwe siku fedha inapoingia, kabla ya sukari na kabla ya vocha, iwe ndogo lakini iwe yako. Nyumbani kwetu tuna bahasha nne kwenye droo: sadaka, kodi, ada, dharura. Ya dharura ndiyo ngumu kuliko zote kuitunza, kwa sababu harusi za watu nazo hujiita dharura. Kwa michango ya harusi tulikubaliana mimi na mume wangu kiwango cha mwaka mzima. Kikiisha, tunampigia mhusika mapema na kumwambia ukweli, tena tunakwenda kumsaidia kuosha vyombo. Hakuna aliyetununia mpaka leo.

Wale akina mama wanne wa dumu bado wananunua pamoja. Mwezi wa tatu tangu waanze, yule aliyeniuliza laki na nane ataitoa wapi alikuja na chupa mbili za lita moja moja, akaziweka mezani kwangu. Kila mmoja alikuwa ametoa nusu lita katika fungu lake. "Za bibi wa uchochoroni, yule anayelea wajukuu," akasema. "Usiandike jina letu, mama. Andika tu mafuta, lita mbili."