Kulala kidogo na ugonjwa wa kusahau: maswali kutoka Lubumbashi

Daktari, niko na miaka 52, naishi Katuba. Umeme unarudi usiku wa manane, ndipo naamka kupiga pasi na kugandisha maji ya kuuza. Nikijitahidi nalala kwa muda wa saa 5 tu. Nitakuja kuwasahau wanangu?

Si lazima, mama. Ila umri wako ndio uliochunguzwa. Watumishi wa serikali wa London, karibu 8,000, walifuatiliwa kwa miaka mingi kuanzia 1985. Matokeo yalitoka 2021: waliokuwa wakilala saa 6 au chini yake walipokuwa na miaka 50, 60 na 70, hatari yao ya kupata demensia, yaani ugonjwa wa kusahau, ilizidi ya wenzao wa saa 7 kwa takriban asilimia 30. Isikutishe. Haina maana kwamba watu 30 katika 100 wataugua. Kati ya wote hao waliougua ni 521. Tena haijathibitika kwamba kukosa usingizi ndiko kunakoleta ugonjwa.

Pasi isubiri Jumamosi. Maji yaingize kwenye friji kabla hujalala, umeme ukirudi yatajigandisha yenyewe. Na upime presha: ikiwa juu miaka ya katikati, ushahidi wake kuhusu demensia ni mzito kuliko wa usingizi.

Mume wangu ni mlinzi wa usiku. Yeye je?

Alale mchana mfululizo, dirisha lizibwe kwa kitambaa kizito, na watoto wacheze mbali. Akikoroma sana huku pumzi ikikatika-katika, aende hospitali; hiyo ni shida nyingine, na ina matibabu.

Bibi yetu anatembea-tembea uani usiku. Majirani wanasema ni mulozi, yaani mchawi.

Ni mgonjwa. Demensia huchanganya usiku na mchana, na mtu anaweza kutoka nje akitafuta nyumba aliyoishi utotoni. Wapo wazee waliopigwa kwa maneno kama hayo ya majirani. Kama amebadilika ghafla, ndani ya siku chache, mpelekeni leo hii: huenda ni malaria, sukari au maambukizi ya mkojo. Kama ni polepole, mchana mkalisheni juani, na usiku mlango ufungwe, mtu alale karibu naye.

Tumpe Valium ili alale?

Msimpe. Wazee humeza vidonge hivyo wakaanguka, wakavunjika nyonga, na kuchanganyikiwa zaidi. Kama amekwisha kuvizoea, msimkatishe ghafla. Daktari ampunguzie kidogo kidogo.