Kengele ya dharura ya mzee: ni kitu gani, na nani anaitika

Kengele ya dharura ya mzee ni kifaa kidogo ambacho mtu huvaa mwilini, shingoni kama kidani au mkononi kama saa, ili akianguka au akizidiwa abonyeze kitufe kimoja na mtu aliye mbali ajue. Maana yake ni hiyo tu. Ila humo ndani kuna "mtu aliye mbali", na hapo ndipo maswali yanapoanza. Mtu yupi? Saa nane usiku yuko wapi? Ufunguo anao?

Mama yangu ana miaka 78 na anaishi peke yake Bugarika, jijini Mwanza, kwenye nyumba waliyojenga na marehemu baba juu ya mawe. Anayeijua milima ya Mwanza anaelewa: bajaji inaishia chini, kinachobaki ni ngazi za mawe. Usiku mmoja wa Aprili 2024, mvua ikinyesha, alitoka chooni akateleza kwenye korido. Simu yake ilikuwa sebuleni, juu ya stuli, kwenye chaji. Aliniambia baadaye kwamba pale chini alikuwa anakiona kitaa chake kikiwaka, hatua nne tu kutoka alipolala, na hakuweza kukifikia. Alilala kwenye saruji kuanzia saa nane usiku hadi saa moja asubuhi, jirani alipokuja kuchota maji. Vijana wanne walimteremsha kwa blanketi mpaka barabarani.

Nyonga haikuvunjika. Kilichomweka hospitalini siku sita ni zile saa tano za sakafuni, na sisi watoto tulikuwa hatujui kabisa kwamba kulala tu chini ni ugonjwa. Madaktari wanaohudumia wazee hulihesabu jambo hilo kuwa tatizo la peke yake, hasa likipita saa moja. Nyama ya paja au bega iliyokandamizwa kwa muda mrefu huanza kufa, na mabaki yake huingia kwenye damu na kuzielemea figo. Ngozi juu ya mfupa hupata vidonda. Mwili unakauka maji, unapoa, na kifua nacho kinaweza kushambuliwa. Kwa hiyo kazi ya kengele ieleweke vizuri: haimzuii mzee kuanguka. Inafupisha muda kati ya kuanguka na kuinuliwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wakiwa wazee, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaodhani hili ni tatizo la Wazungu wanaoishi peke yao kwenye maghorofa wanakosea.

Vifaa vyenyewe vilianza kusambaa Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1970. Mpango wake ni huu: kitufe kinatuma mawimbi ya redio hadi kwenye kisanduku kilichopo ndani ya nyumba, kisanduku kinapiga simu, na simu inapokelewa kwenye kituo chenye watu usiku na mchana. Anayepokea anaona kwenye kompyuta yake ni nani anayeita, ana maradhi gani, na nani ana ufunguo wa nyumba. Anazungumza na mzee kupitia spika. Asipojibiwa, anampigia mwenye ufunguo, au anatuma gari la wagonjwa. Baadaye vikaja vifaa vyenye laini ya simu ndani yake, vinavyofanya kazi hata mzee akiwa sokoni, na vingine vinavyohisi mtikisiko wa kuanguka vyenyewe. Saa ya Apple ilianza kufanya hivyo mwaka 2018: ikihisi mvaaji ameanguka kwa kishindo na hasogei, inapiga simu yenyewe. Hivi vya kuhisi si vya kutegemea peke yake. Mzee anayeteleza taratibu ukutani mpaka chini anaweza asihisiwe kabisa.

Angalia pesa inakwenda wapi kule. Kifaa kinanunuliwa mara moja, lakini huduma inalipiwa kila mwezi, na malipo hayo ya mwezi ni ya binadamu anayekesha. Kwetu mtu akiagiza kidani cha mtandaoni bila kuwa na mtu huyo, amenunua kitufe tu.

Na hata mtu huyo akiwepo, kitufe huenda kisibonyezwe. Watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliwafuatilia watu waliovuka miaka 90 na kuchapisha matokeo mwaka 2008: kengele zilikuwepo kwa wingi, lakini mara nyingi waliolala sakafuni kwa muda mrefu hawakuzitumia. Niliposoma hivyo nilimkumbuka mama. Nilimuuliza kwa nini hakupiga hata kelele usiku ule. Akasema, "Mwanangu, niwaamshe watu wa watu usiku wa manane kwa ajili ya kuteleza?" Aibu hiyo ya mzee asiyetaka kuwa mzigo ni kizuizi kikubwa kuliko betri au mtandao. Mtu anayemnunulia mzazi wake kengele bila kukaa naye kuliongea hilo ataikuta imening'inizwa kwenye msumari.

Jina lenyewe nalo linapotosha kidogo. Tukisema kengele ya dharura, watu wanafikiria kelele ya kumfukuza mwizi. Hii haimtishi mtu, na mara nyingi pale nyumbani haisikiki. Inalia kwa mwingine. Ndiyo maana ninapowaeleza ndugu zangu natumia neno wanalolijua tangu utoto: mwano. Huku Usukumani mtu akivamiwa au akipatwa na jambo anapiga mwano, na anayesikia anatoka. Si hiari yake. Aliyesikia akabaki ndani ataulizwa kesho yake, na mahali pengine atatozwa faini. Sungusungu walipopata nguvu miaka ya 1980 utaratibu huo ukakazwa zaidi. Mwano una mambo matatu: sauti inayotambulika, sikio lililo karibu, na wajibu wa kuja. Kengele ya dharura ni mwano wa mtu ambaye sauti yake imeishiwa nguvu. Ukiweka kitufe bila yale mawili mengine, haujatimia.

Sisi tulianza na kitochi chenye vitufe vikubwa na kitufe cha SOS mgongoni. Ukikibonyeza kwa sekunde chache, simu inatoa mlio, inatuma ujumbe, kisha inapiga namba ulizoziweka moja baada ya nyingine. Inavaliwa shingoni kwa kamba, na mama anaingia nayo chooni, kwa sababu huko ndiko kwenye maji na kigiza. Kosa letu la kwanza lilikuwa mpangilio wa namba. Ya kwanza iliwekwa yangu, nami nipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale. Ningefanya nini zaidi ya kulia? Namba ya kwanza sasa ni ya jirani wa chini, anayefika kwa miguu. Ya pili ni ya kijana wa bodaboda wa kijiweni ambaye ana nguvu za kubeba na anazijua zile ngazi. Ya tatu ni ya dada yangu wa Geita. Usiku ule wa 2024 alisota kwenye foleni ya kivuko Busisi wakati mama anawekewa dripu. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, anavuka muda wowote. Mimi ni wa nne.

Kosa la pili lilikuwa salio. Simu isiyo na vocha haipigi namba ya jirani hata ukibonyeza mpaka kidole kiume. Tulilijua hilo kwa kujaribu, namshukuru Mungu, si kwa tukio. Siku hizi kifurushi cha mama kinalipwa tarehe moja kabla ya kitu kingine chochote.

La tatu ndilo lililotutesa: komeo. Mama alikuwa anafunga mlango kwa ndani kwa komeo la chuma, na jirani angefika angeishia kugonga. Tulitaka liondolewe liwekwe kitasa kinachofunguka kwa nje, ufunguo wa pili ukae kwa jirani. Alikataa kwa miezi miwili. Na tusimwone mkaidi. Kanda ya Ziwa imeua bibi zake kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyochomwa na moshi wa jikoni miaka yote. Mwanamke mzee anayelala peke yake ana haki ya kuogopa mlango wake. Mwisho wake ulikuwa rahisi: yeye mwenyewe ndiye aliyemchagua wa kukaa na ufunguo, na hakumchagua tuliyemtaka sisi.

Kuna kifaa kingine ambacho ningekipendekeza hata kwa asiye na hela ya kitochi: filimbi. Haihitaji chaji, mtandao wala salio, na inasikika mbali kuliko koo la mtu wa miaka 78. Isaidiane na makubaliano na majirani: filimbi mara tatu kutoka nyumba ile, mtu anakwenda.

Lakini filimbi na kitufe vyote vinamtaka mzee awe na fahamu. Aliyepigwa kiharusi au aliyeshukiwa na sukari hatabonyeza. Kwa huyo kuna kengele ya kinyume, ambayo ukimya ndiyo ishara yake. Mama anambipu dada kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi na tena saa tatu usiku. Mlio mmoja, anakata. Saa moja ikifika bila bipu, dada anampigia. Asipopokea, anampigia jirani. Haijawahi kushindikana, isipokuwa siku ambazo mtandao umesumbua, na jirani alikwenda akamkuta anafagia. Hakuna aliyelalamika.

Kengele, hata hivyo, ni kipande kimoja tu cha matunzo. Wengi wetu tukiona mzazi ameanguka tunakimbilia kumhamisha, "njoo ukae nami Dar." Inafaa kwa baadhi. Mama alikaa kwangu wiki tatu, akawa anashinda dirishani, hajui mtu, akaomba arudi kwenye mawe yake. Kumletea mjukuu kunasaidia usiku, ila mchana mtoto yuko shule. Msaidizi wa nyumbani ni njia nzuri ikiwa atalipwa mshahara wa kweli na kuambiwa wazi kwamba kazi ni mtu, siyo vyombo: kumshika mkono wa kuingia bafuni, kuhesabu vidonge vya presha, kuona kama miguu imevimba. Makao ya serikali kama ya Bukumbi, Misungwi, yanapokea wazee wasio na wa kuwatunza, hayakuwekwa kwa ajili ya mzee mwenye watoto sita. Matibabu ya bure kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo yametajwa na Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na dirisha la wazee lipo hospitali nyingi. Kitambulisho kiandaliwe mapema, kisitafutwe siku ya tukio.

Kinachonipa moyo ni m-mama. Mfumo huo wa namba 115, unaomtafutia mjamzito na mtoto mchanga usafiri wa dharura, ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuanza kupelekwa nchi nzima mwaka 2022. Unayo yote matatu ya mwano: namba, mtu anayepokea, na dereva wa kijijini anayeitwa pale gari la wagonjwa lisipopatikana. Wazee hawamo. Lakini huku kwetu imeshaonekana kwamba inawezekana, na siku ikianza kwa wazee nitakuwa wa kwanza kumsajili mama.

Kwa sasa tunafanya jaribio kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa. Mama anabonyeza bila kumwambia mtu saa. Mara ya mwisho jirani alifika ndani ya dakika nne, unga wa ugali ukiwa mikononi, akamkuta mama amekaa kwenye kiti anamsubiri na chai.